Gapminder darasani: duara la buluu na hesabu ya Bibi

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari ya kata, wilaya ya Korogwe. Huu ni mwaka wangu wa 12 wa kusimama mbele ya Kidato cha Nne na mada ya idadi ya watu, na miaka mingi ya mwanzo niliifundisha kwa namna ambayo leo inaniuma. Niliandika fasili ubaoni, nikaandika fomula, wanafunzi wakanakili, wakakariri, wakafanya mtihani, wakasahau. Hakuna aliyetoka darasani akiwa ameona kitu.

Tangu mwaka jana natumia Gapminder. Ni programu ya bure iliyotengenezwa na taasisi ya Sweden yenye jina hilohilo, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2005 na Hans Rosling, mwanawe Ola na mkwewe Anna. Hans alikuwa daktari, na kabla ya umaarufu wake wote aliwahi kufanya kazi Nacala, pwani ya Msumbiji, kuanzia 1979 hadi 1981. Ninapowaambia wanafunzi kwamba mmoja wa waliobuni michoro hii aliona watoto wa watu wakifa katika mwambao huuhuu wetu, wananyamaza kidogo. Nami naona ndiyo sababu programu yenyewe haina ubaridi wa vitabu vya takwimu.

Jambo la kwanza kwa mwalimu wa kijijini: inapakuliwa ikakaa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti. Mimi niliipakua usiku mmoja nikiwa Tanga mjini, na tangu siku hiyo sijatumia bando hata senti kwa ajili ya kipindi. Kwenye simu yangu ndogo maduara yanabanana, kwa hiyo nashauri kompyuta mpakato, na kama shule ina projekta au jirani anayo ya kuazimwa, ndiyo raha yenyewe.

Ukiifungua, unaona maduara. Kila duara ni nchi, na ukubwa wake ni idadi ya watu. Afrika ni buluu, Ulaya njano, Asia nyekundu, Amerika kijani. Inakuja na mchoro wa kipato na umri wa kuishi, lakini kwa mada yetu mimi nabadilisha mihimili papo hapo: mhimili mlalo naweka watoto kwa kila mwanamke, mhimili wima naweka vifo vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi 1,000. Narudisha mwaka hadi 1800. Maduara yote yanapanda kwenda kujazana kona ya juu kulia, Sweden na Tanganyika pamoja, Uingereza na Uhindi pamoja. Karibu kila mahali wanawake wanazaa watano, sita, saba, na kila mahali watoto wanakufa. Kisha nabofya kitufe cha kuendesha, na miaka inaanza kukimbia.

Mara ya kwanza nilipoionyesha, mvulana mmoja wa dawati la mbele alisema kwa sauti, wala sikuwa nimeuliza: "Madam, linashuka kwanza, ndipo linakwenda kushoto."

Hapo ndipo penye mada nzima. Duara linashuka kwanza, maana yake vifo vinapungua. Linakwenda kushoto baadaye, maana yake uzazi unapungua. Kati ya kushuka na kwenda kushoto kuna miaka, na idadi ya watu inaongezeka ndani ya miaka hiyo. Wengi wetu, walimu tukiwemo, tumeishi tukiamini kwamba watu wameongezeka kwa sababu siku hizi wanawake wanazaa sana. Si kweli. Bibi zetu walizaa kuliko sisi. Tofauti ni kwamba wa kwetu wanakua.

Baada ya kuangalia narudi ubaoni, maana picha bila hesabu haitoshi. Chukua kijiji cha watu 1,000. Kwa mwaka wanazaliwa 40 na wanakufa 20. Ongezeko la asili ni 20 kwa 1,000, yaani asilimia 2. Ili kukadiria haraka miaka ya kuongezeka mara mbili, 70 hugawanywa kwa asilimia ya ongezeko. Gawa 70 kwa 2: kijiji kitakuwa mara mbili baada ya miaka 35. Sasa leta chanjo ya surua, maji ya bomba, zahanati. Wazaliwa wabaki 40 walewale, wafu washuke hadi 8. Ongezeko ni asilimia 3.2, na kijiji kinakuwa mara mbili kwa miaka 22 hivi. Hakuna mwanamke aliyeongeza hata mtoto mmoja. Nimeona wanafunzi wakirudia hesabu hii mara mbili tatu kwenye daftari kwa kutoamini, na asilimia 3.2 si namba ya kubuni: ndiyo kasi iliyotokana na sensa ya 2022 kwa kulinganisha na ile ya 2012.

Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mara tano, ndani ya miaka 55, katika maisha ya mtu mmoja ambaye bado anakwenda shambani.

Hapa naisifu programu hii kwa kitu kimoja mahususi. Ukibofya duara la nchi, linaacha njia nyuma yake, nukta kwa nukta, mwaka kwa mwaka. Mimi nabofya Sweden na Tanzania pamoja. Sweden ina hesabu nzuri za watu tangu 1749, kwa kuwa wachungaji wa makanisa walitakiwa kuandika kila aliyezaliwa na kila aliyekufa, kwa hiyo njia yake tunaiamini. Inashuka polepole karne nzima ya kumi na tisa: amani, viazi, chanjo ya ndui. Kwenda kushoto inaanza kwa dhati mwishoni mwa karne. Katika karne hiyo watu wake walitoka milioni 2.3 hadi milioni 5.1, na hapo mamia ya maelfu walikuwa wameshapanda meli kwenda Marekani. Wao walikuwa na miaka zaidi ya 100 ya kuzoea, na walikuwa na bara la kuhamia. Sisi vifo vimeshuka ndani ya nusu karne, na hatuna Marekani ya kupeleka watu.

Halafu njia ya Tanzania. Inashuka baada ya uhuru, kisha miaka ya 1990 inasuasua, kama gari lililofika kwenye matope. Hapo nasimamisha. Tafiti za afya za nchini zinaeleza kilichotokea: mwaka 1996 vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 137 kwa kila 1,000, na 1999 vikawa 147. Vilipanda. Ni miaka ya UKIMWI, na ni miaka ambayo dawa ya malaria tuliyoizoea, klorokwini, ilikuwa inashindwa. Halafu inakuja 112 mwaka 2004–05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015–16, na 43 mwaka 2022. Duara linaporomoka kama jiwe, na hili ni poromoko la kushangilia.

Niliwaambia wanafunzi wangu 68 wahesabiane. Kumi wa safu ya nyuma nikawaomba watoke nje, wasimame dirishani. Hao ndio wangekosekana kwa kiwango cha 1999. Kisha nikawaita saba warudi ndani. Watatu waliobaki nje ndio kiwango cha 2022. Msichana mmoja kati ya wale saba aliingia akilia, na sikumuuliza. Wengi wa watoto hawa mama zao walipewa hati punguzo kliniki, ile vocha ya chandarua iliyoanza 2004. Walilala ndani ya chandarua kile. Leo wamekaa watatu watatu kwenye dawati la wawili.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapogombana na wenzangu katika chumba cha walimu. Tunalalamika kwamba madarasa yamefurika. Ni kweli yamefurika: ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne kuanzia 2016, na hata yale madarasa yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19, 15,000 nchi nzima, yamejaa kabla rangi haijachuja. Lakini kila ninaposikia neno "janga la ongezeko la watu" namkumbuka yule msichana. Msongamano wa darasa langu ni watoto ambao hawakufa. Atakayezungumza juu ya idadi ya watu katika nchi hii aanze na hilo, ndipo aendelee na upungufu wa madawati, walimu na vyoo, ambao nao ni mzito na haukubaliki.

Swali la pili ambalo programu inalijibu vizuri ni hili: mbona duara letu linakwenda kushoto taratibu hivyo? Nawashirikisha Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 utafiti wa Kenya ulikuta watoto 8.1 kwa kila mwanamke, moja ya viwango vya juu kabisa duniani wakati ule. Sisi tulikuwa chini yao. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa 3.4, sisi 4.8. Njia mbili zinapishana mbele ya macho ya darasa, na hapo utasikia kelele, maana hakuna Mtanzania anayekubali kupitwa na Mkenya bila maelezo. Maelezo yapo. Serikali ya Kenya ilianza mpango rasmi wa uzazi wa mpango mwaka 1967. Huku kwetu UMATI, chama cha hiari cha uzazi wa mpango, imekuwepo tangu 1959, lakini mpango wa kitaifa wa serikali ulikuja 1989. Mwaka 2022 wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 57 Kenya na 31 kwetu. Na wasichana waliomaliza sekondari, karibu kila nchi, ndio wanaochelewa kuzaa mtoto wa kwanza.

Nikipata muda nawaonyesha pia Iran, ambayo inatoka zaidi ya watoto sita mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu wawili kufikia 2000, kama vile mtu amelivuta duara kwa kamba. Na China, ambayo watu wengi wanadhani ilishuka kwa sheria ya mtoto mmoja ya 1980. Simamisha mwaka 1979 utazame: imeshashuka kutoka karibu sita hadi chini ya watatu. Sehemu kubwa ya safari ilikwisha kabla ya sheria. Napenda programu inayomwachia mwanafunzi agundue jambo kama hilo kwa jicho lake.

Kuna siku mwanafunzi aliniuliza kwa nini Japani, wanakoishi watu maisha marefu kuliko karibu wote duniani, kiwango cha vifo ni kikubwa kuliko chetu. Swali zuri, na mchoro wa maduara haulijibu. Unahitaji mchoro mwingine uliomo humohumo, wa umri, unaopangilia watu kwa rika. Piramidi ya Tanzania ina kitako kipana: zaidi ya wanne kati ya kila kumi wana umri chini ya miaka 15. Ya Japani imebinuka, wazee wamejaa juu. Mzee hufa, hata awe na hospitali bora. Ndiyo maana mwaka 2023 Japani ilizaa watoto wapatao 727,000 na kuzika watu zaidi ya milioni 1.57, na watu wake wamekuwa wakipungua tangu walipofikia kilele karibu 2008, takriban milioni 128. Duara lao lilishuka likafika chini kabisa, likaenda kushoto, halafu likaendelea kushoto kupita ile 2.1 ambayo wazazi wanahitaji ili kujaza nafasi zao.

Mchoro huohuo wa umri ndio unaoeleza jambo gumu kuliko yote, na hapa natumia kipindi kizima bila haraka. Nawauliza: tuseme kuanzia kesho asubuhi kila mwanamke Tanzania anazaa wawili tu. Je, tutaacha kuongezeka? Darasa zima linasema ndiyo. Nawaonyesha kile kitako. Wasichana hawa wote bado hawajazaa. Watazaa wawili wawili, lakini wao ni wengi kuliko bibi walio juu ya piramidi wanaoondoka. Idadi itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa, kama treni ya mizigo ambayo dereva ameshakanyaga breki. Yale ambayo mama zao waliamua mwaka 2008 yataonekana kwenye sensa wakati wao wenyewe ni bibi. Kwa hiyo mtu anayetafuta matokeo ya uzazi wa mpango kabla ya uchaguzi ujao anatafuta kisichokuwepo.

Sasa mipaka yake, maana nisiisifu nikapitiliza. Kila duara ni wastani wa nchi, na wastani huficha. Utafiti wa 2015–16 ulikuta mwanamke wa mjini Tanzania ana watoto 3.8 na wa kijijini 6.0. Hizo ni nchi mbili ndani ya duara moja, na mwalimu asiposema, mwanafunzi wa kijijini hatajiona. Mimi nachora maduara mawili kwa chaki kandokando ya kitambaa cha projekta. Pia njia ya Tanzania kabla ya sensa ya 1948 ni makadirio ya wataalamu, laini mno, bila njaa wala vita. Nani aliyehesabu watoto wa Usambara mwaka 1800? Nawaambia wazi wasiiamini kama wanavyoiamini ya Sweden. Na mchoro huu wa uzazi na vifo hauonyeshi uhamaji. Dar es Salaam haikufika milioni 5.38 mwaka 2022 kwa kuzaa peke yake. Imejaa vijana wa Korogwe, wakiwemo niliowafundisha.

Maandishi yote natumia kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, lakini maelezo natoa kwa Kiswahili na nitaendelea hivyo. Mtoto akishaelewa kwa lugha yake kwamba vifo vilitangulia kushuka, jina la Kiingereza la jambo hilo anaweza kulikariri jioni moja.

Likizo ya Desemba nilikwenda na kompyuta kwa Bibi, mama yake mama yangu. Yeye aliolewa kwenye kambi ya mkonge mwishoni mwa miaka ya 1950. Alizaa tisa, waliokua ni watano. Wawili walikwenda kwa degedege, mmoja kwa surua, mmoja hakufikisha hata arobaini. Mama yangu alizaa sita, akamzika mmoja. Mimi nina wawili, na wote wako shule. Nilimweleza Bibi kwamba ukiziweka familia zetu tatu kwenye ule mchoro, zinapita njia ileile ya duara: juu kulia, katikati, chini kushoto.

Aliniangalia nikiendesha miaka. Duara la Tanzania liliposhuka, lilikuwa pia linavimba, na akaniuliza kwa nini linanenepa. Nikamwambia, hao ni watu, Bibi, wanaongezeka. Akasema, "Si ndio hao wajukuu." Kisha akakaa kimya kidogo, akagusa kioo kwa kidole mahali pale palipoandikwa miaka ya 1960, juu kabisa.

"Na wale wangu wanne wamo humu?"

Nikamwambia wamo. Duara liko juu kiasi kile kwa sababu yao na ya wenzao. Akataka nirudishe mwaka 1964, akapaangalia muda mrefu, halafu akasema nifunge, chai inapoa.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza: toleo la bila intaneti lipo kwenye tovuti yao, pakua mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Jifunze kubadilisha mihimili kabla ya kuingia darasani, maana ndicho kinachochanganya siku ya kwanza. Usionyeshe nchi zote kwa pamoja zaidi ya mara moja. Chagua mbili tatu, zilizobaki zififishe. Andaa ubao na chaki kama akiba. Mwezi wa tatu umeme ulikatika katikati ya kipindi mchoro ukiwa umefika mwaka 1994, na darasa zima likakataa kutoka hadi niwachoree kwa mkono mahali duara la Tanzania lilipofika 2022. Mimi nimeshaiweka kwenye flashi kwa walimu wanne wa kata jirani, na wa tano anakuja Jumamosi na kompyuta yake.